Utatuzi wa matatizo ya vihisi vya umeme vinavyopiga picha ya gesi na maji bombani

Maji yakipita peke yake bombani, au gesi ikipita peke yake, mita za kuvipima zipo tele na makosa yake yanajulikana. Vikipita pamoja, gesi hukimbia na kuyaacha maji nyuma, viputo huungana na kuvunjika, na kipande kile kile cha bomba kinaweza kuwa na povu sasa hivi kisha kikajaa maji matupu nusu sekunde baadaye. Ndiyo maana watafiti waligeukia vihisi vya umeme, ambavyo hutofautisha gesi na maji kwa namna kila kimoja kinavyohifadhi au kupitisha umeme. Mwongozo huu ni kwa fundi, mwanafunzi wa uhandisi au mtafiti ambaye tayari amefunga kihisi bombani na picha zinatoka, ila hazieleweki au hazikubaliani na vipimo vingine.

Mifano mingi nimeichukua kwenye mtambo wa hewa na maji wa aina inayopatikana katika maabara nyingi: bomba la akriliki lililosimama wima, kipenyo cha ndani milimita 50, pampu ya kilowati 1.5, tangi la lita 200 na kompresa. Vihisi vyenyewe ni vya aina tatu. Cha kapasitansi, ambacho msingi wake uliwekwa katika chuo kikuu cha UMIST mjini Manchester mwishoni mwa miaka ya 1980, huwa na elektrodi, yaani vipande vya chuma vya kupimia, zilizobandikwa nje ya bomba la plastiki, nacho hupima kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi umeme, kati ya kila jozi. Cha ukinzani huwa na elektrodi zinazogusa maji. Mkondo hupitishwa kwenye jozi moja na volti husomwa kwenye jozi nyingine. Cha tatu ni wavu wa nyaya, ambao Prasser na wenzake wa Rossendorf, Ujerumani, waliueleza mwaka 1998: safu mbili za nyaya nyembamba zilizotandazwa ndani ya bomba lenyewe, moja ikituma na nyingine ikipokea, zikipishana kama uzi wa kitanda bila kugusana.

Anza na namba ghafi

Picha unayoiona kwenye skrini haikupigwa, bali imekokotolewa. Kihisi cha kapasitansi chenye elektrodi 12 hutoa vipimo 66 tu, kwa kuwa kila elektrodi hupimwa mara moja dhidi ya kila mwenzake, lakini programu hutumia vipimo hivyo kujaza gridi ya pikseli 32 kwa 32, ambamo pikseli 812 ndizo zinazoangukia ndani ya duara la bomba. Namba 66 zinatakiwa kujibu maswali 812. Programu huziba pengo hilo kwa kulainisha, na kulainisha huko ndiko kunakoficha hitilafu: waya mmoja uliolegea hujitokeza kwenye skrini kama wingu la gesi lenye kingo laini, zuri kiasi kwamba mtu anaweza kuliandikia ripoti nzima. Nimewahi kuandika nusu ya ripoti kama hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta chanzo cha dalili yoyote, jaza bomba, simamisha pampu na hewa, subiri viputo vyote vipande juu, kisha uchore vipimo ghafi kwa mpangilio wake: elektrodi ya kwanza dhidi ya ya pili, dhidi ya ya tatu, mpaka ya 12. Mchoro unapaswa kuwa na umbo la bakuli. Kipimo cha jirani huwa kikubwa, femtofaradi mia kadhaa. Hushuka kwa kasi kadiri elektrodi zinavyoachana, hadi makumi au hata chache tu kwa ile inayotazamana nayo ng'ambo ya bomba. Kisha hupanda tena hadi kwa jirani wa upande wa pili. Elektrodi inayofuata hutoa bakuli hilo hilo likiwa na kipimo kimoja pungufu, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Kihisi cha ukinzani chenye elektrodi 16, kikisomwa kwa mtindo wa jirani kwa jirani, hutoa vipimo huru 104, navyo hujipanga kwa mabakuli vivyo hivyo. Hifadhi mchoro wa siku ambayo mtambo ulikuwa mzima, kwa sababu karibu kila hatua inayofuata ni kuulinganisha mchoro wa leo na huo.

Dalili: doa la gesi ukutani lisilohama hata bomba likiwa limejaa

Doa likikaa mahali pamoja wakati mtiririko umesimama, usiliite gesi kabla hujatazama mabakuli. Ikiwa vipimo vyote 11 vinavyohusu elektrodi moja vimepotoka, kosa liko kwenye elektrodi hiyo, kebo yake au mlango wake kwenye kisanduku cha kupimia. Ikiwa kipimo kimoja tu kimepotoka na vingine vya elektrodi zile zile ni vizima, shuku swichi ya kielektroniki ndani ya kisanduku, au mstari ulioharibika kwenye faili ya ugezi, yaani vipimo vya marejeo vya bomba likiwa tupu na likiwa limejaa.

Kutofautisha elektrodi, kebo na mlango ni kazi ya dakika tano. Badilisha kebo mbili kwenye upande wa kisanduku, ya elektrodi unayoishuku na ya jirani yake, halafu usome tena. Hitilafu ikibaki kwenye namba ile ile ya mlango, kisanduku ndicho kibovu. Ikihama, rudisha kebo mahali pake, kisha zibadilishe tena safari hii kwenye upande wa bomba. Hitilafu ikiifuata kebo, kebo ndiyo mbovu, na ikibaki palepale bombani, tatizo ni elektrodi au kiungio chake. Andika kila badiliko kwenye daftari kabla ya kulifanya, maana kebo 12 za rangi moja zikishachanganyika, saa moja itapotea kuzipanga upya.

Kwenye kihisi cha kapasitansi, sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi ni unyevu. Matone kutoka kwenye flanji iliyo juu hupenya kati ya bomba na ngao ya shaba inayolizunguka, na tone moja lililolala kati ya elektrodi mbili hubadilisha kipimo kuliko kiputo chochote kilicho ndani ya bomba. Fungua ngao, kausha kwa hewa ya uvuguvugu, na uzibe pale maji yalipopitia. Sababu ya pili ni lehemu iliyopasuka kwenye ngao ya kebo. Mita moja ya kebo ya koaksia ya kawaida ina kapasitansi ya pikofaradi 100 hivi, yaani femtofaradi 100,000, ilhali unachotafuta ni mabadiliko ya femtofaradi chache au chini ya hapo. Ngao ikiachia, kebo yenyewe inakuwa sehemu ya kipimo, na kuigusa tu kwa mkono kunatikisa picha. Hilo pia ni jaribio: pitisha mkono juu ya kebo moja baada ya nyingine huku ukitazama namba, na ile inayoitikia mkono ndiyo ya kufunguliwa.

Kwenye kihisi cha ukinzani, tazama uso wa elektrodi. Kiputo kilichonata, utando wa mafuta kutoka kwenye kompresa, ute wa maji yaliyokaa tangini wiki nzima au ukoko wa madini, vyote huongeza ukinzani pale chuma kinapokutana na maji. Kiputo kilichonata huondoka kwa kuongeza mwendo wa maji kwa dakika moja. Utando hutaka kitambaa chenye spiriti, na ukoko hutaka msasa laini sana, ambao nautaja kwa kusitasita, kwa sababu elektrodi moja iliyosuguliwa haitafanana tena na zile 15 ambazo hazikusuguliwa. Ukisugua, sugua zote, kisha fanya ugezi upya.

Dalili: kipimo kinahama polepole tangu asubuhi hadi alasiri

Hili ndilo tatizo linaloharibu data nyingi kuliko mengine yote, na linaharibu kimyakimya, kwa sababu picha hubaki safi. Vali hazijaguswa, rotamita, yaani mita za hewa na maji yanayoingia, zinaonyesha namba zile zile, lakini uwiano wa gesi, yaani sehemu ya bomba iliyojaa gesi, unashuka kidogokidogo kila saa. Shika bomba kwa kiganja. Ikiwa ni la moto kuliko lilivyokuwa asubuhi, umeshapata jibu.

Upitishaji umeme wa maji hupanda kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Pampu ya kilowati 1.5 inayozungusha lita 200, nguvu yake yote ikiishia majini, inaweza kuyapasha kwa nyuzi 6 hivi kwa saa. Kwa hiyo ongezeko la nyuzi 5 kufikia saa sita mchana si jambo la kushangaza. Nyuzi 5 ni asilimia 10 ya upitishaji. Sasa tuhesabu athari yake. Kwa viputo vilivyosambaa ndani ya maji, kanuni ya Maxwell inasema kuwa uwiano wa gesi ni 2(1 − r) ukigawanywa kwa (2 + r), ambapo r ni upitishaji wa mchanganyiko ukigawanywa kwa upitishaji wa maji matupu. Gesi ikiwa asilimia 10 ya bomba, r ya kweli ni 0.857. Maji yakiwa yamepanda joto huku programu ikiendelea kutumia ugezi wa asubuhi, r itasomeka 0.943, na kanuni hiyo hiyo itatoa asilimia 3.9. Zaidi ya nusu ya gesi imepotea kwenye karatasi, na hakuna waya hata mmoja uliokatika. Bomba likijazwa maji matupu, utaona uwiano wa gesi ulio chini ya sifuri, na hiyo ndiyo ishara ya wazi kabisa ya tatizo hili.

Kwenye kapasitansi mwelekeo ni kinyume na athari ni ndogo: pemitiviti ya maji (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi umeme), ambayo ni takriban 80 kwenye nyuzi 20, hushuka kwa karibu nusu asilimia kwa kila nyuzi. Mtu mwenye vihisi vya aina zote mbili kwenye bomba moja anaweza kutumia tofauti hiyo kuthibitisha chanzo, kwa kuwa joto litavipeleka pande mbili tofauti.

Tiba ya kwanza ni kuweka kipimajoto na kipima upitishaji kidogo mahali ambapo maji hupita yakiwa hayana gesi, kwa mfano kati ya pampu na mahali hewa inapoingizwa, kisha kusahihisha kila kipimo kwa usomaji wa wakati huo huo. Ya pili ni kupoza tangi. Ya tatu, ambayo haina gharama, ni kurudia ugezi wa bomba lililojaa kabla na baada ya kila mfululizo wa majaribio. Ugezi wa kwanza na wa mwisho ukitofautiana kuliko unavyoweza kuvumilia, mfululizo huo urudiwe. Kumbuka pia kuwasha vifaa nusu saa kabla ya ugezi, kwa sababu saketi nazo huhama zinapopata joto, na kuacha kuongeza maji ya bomba la mtaani tangini katikati ya kazi, maana chumvi zake si lazima zilingane na za yale yaliyomo.

Kwenye mabomba ya jotoardhi kama ya Olkaria nchini Kenya, ambako visima hutoa mvuke pamoja na maji ya moto yenye madini kabla havijatenganishwa, suala hili huwa kubwa maradufu. Kwenye nyuzi 100 pemitiviti ya maji imeshuka hadi takriban 56, upitishaji uko juu sana, na silika huweza kujenga ukoko juu ya kila kitu. Kihisi kilichogezwa kwa maji baridi karakanani hakina mipaka halali ya ugezi huko. Mipaka yake inabidi ikokotolewe kutoka kwenye joto la bomba, au ichukuliwe mle mle bombani.

Dalili: uwiano wa gesi haukubaliani na rotamita

Malalamiko ya aina hii huletwa yakiwa na hasira, na mara nyingi kihisi hakina kosa. Mtu ameingiza kiasi sawa cha hewa na maji, anatarajia kuona nusu kwa nusu, na skrini inampa asilimia 35.

Tuchukue bomba letu la milimita 50, hewa ikiingia kwa kasi ya mita 0.5 kwa sekunde ikigawanywa juu ya mkato mzima, na maji vivyo hivyo. Jumla ni mita 1 kwa sekunde. Gesi, hata hivyo, haiendi kwa kasi ya jumla hiyo. Katika bomba wima lenye mikupuo, yaani viputo virefu vya gesi vinavyopishana na vipande vya maji, kiputo kirefu hupanda kwa takriban mara 1.2 ya kasi ya jumla, ukijumlisha 0.35 mara kipeuo cha pili cha g (mchapuko wa mvutano wa dunia) mara kipenyo, ambacho kwa bomba hili ni mita 0.245 kwa sekunde. Kiputo kinakwenda mita 1.445 kwa sekunde. Gawanya 0.5 kwa 1.445 upate 0.346. Asilimia 35 ndiyo gesi iliyomo bombani kwa wakati wowote. Nusu kwa nusu ni uwiano wa kinachopita, na hayo ni mambo mawili. Msomaji atakayeshika tofauti hiyo ataacha kufungua kisanduku kisicho na ubovu.

Jambo la pili ni shinikizo. Rotamita ya hewa husoma hewa ikiwa kwenye shinikizo la mahali ilipo. Ikiwa iko kwenye baa 2 za shinikizo kamili, yaani pamoja na la angahewa, na kihisi kiko kwenye baa 1.2, hewa ile ile inakuwa na ujazo mara 1.67 ikifika kwenye kihisi, na hesabu yoyote isiyosahihisha hilo itapotoka hata kihisi kikiwa sahihi kabisa.

Ukishayaondoa hayo mawili na tofauti ikabaki, geukia kanuni ya kubadilisha namba ghafi kuwa uwiano. Programu nyingi huanza na mstari mnyoofu kati ya ugezi wa chini na wa juu. Kwa r ya 0.5, mstari mnyoofu hutoa gesi asilimia 50, ilhali Maxwell hutoa asilimia 40. Kanuni ya Maxwell inafaa viputo vilivyotawanyika. Kwa matabaka, ambapo gesi iko juu na maji chini, haifai. Hakuna kanuni moja ya kutumia kwenye kila mtiririko, na programu isiyokuruhusu kuichagua inakufichia uamuzi mkubwa. Hakimu wa mwisho ni vali mbili za kufunga ghafla, moja chini na moja juu ya kihisi: zifunge kwa pamoja, acha maji yatulie, pima kimo chake kwa rula, na urudie mara kumi au zaidi, kwa sababu kwenye mikupuo kufunga mara moja hunasa bahati tu.

Dalili: bomba linaonekana limejaa wakati wote, au nusu ya juu inatoa namba zisizo na maana

Hapa mara nyingi kihisi kimewekwa kwenye kazi isiyo yake. Kihisi cha kapasitansi huchukulia kuwa kilicho bombani ni kihami. Mafuta yenye pemitiviti ya 2 hadi 2.3 dhidi ya gesi yenye 1 ni kazi yake halali. Maji ya kawaida ni jambo jingine. Kwa ishara ya megahezi 1, maji yenye upitishaji wa maikrosiemensi 500 kwa sentimita hupitisha mkondo wa ukinzani ulio mara 11 hivi ya ule wa kapasitansi, hivyo maji huwa kama ngao na uga wa umeme hauvuki kwenda ng'ambo. Maji yaliyochujwa hadi maikrosiemensi 1 hugeuza hesabu hiyo: sehemu ya kapasitansi inakuwa mara 44 ya ile ya ukinzani, na kihisi kinafanya kazi. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kuchukua ni cha upitishaji wa maji, na kinachukua dakika moja.

Kihisi cha ukinzani kina udhaifu ulio kinyume. Kinahitaji maji yaguse elektrodi zote. Katika bomba lililolala, maji yakikaa chini na gesi ikitawala juu, elektrodi za juu hukauka, chanzo cha mkondo hupandisha volti hadi ukomo wake kikitafuta njia, na namba zinazosomwa hapo ni takataka ambazo programu itazichora bila aibu. Dalili yake kwenye namba ghafi ni vipimo kadhaa vinavyogota kwenye thamani moja ile ile ya juu. Vifaa vingine huruhusu kuendesha kwa volti badala ya mkondo, na hilo husaidia. Kutumia elektrodi za chini pekee husaidia pia. Lakini mtu anayetaka tu kujua kimo cha maji katika mtiririko wa matabaka hahitaji tomografia, yaani picha ya mkato mzima. Nyaya mbili sambamba zilizosimamishwa ndani ya bomba, zikipimwa upitishaji kati yake, zitampa kimo hicho kwa bei ndogo na kwa usahihi zaidi.

Dalili: picha inatetemeka au ina mawimbi

Zima pampu huku bomba likiwa limejaa. Mtetemeko ukikoma, chanzo ni pampu au kidhibiti kasi cha mota yake, na njia ambayo kelele hupitia ni nyingine kuliko wengi wanavyodhani. Maji ni waya. Mwili wa pampu umeunganishwa na ethi, maji yanaigusa pampu, nayo yanagusa elektrodi zako; kelele hupanda na maji hadi kwenye kihisi, na sehemu ya mkondo wako wa kupimia hutorokea ethi kwa njia hiyo hiyo. Weka pete ya chuma inayogusa maji upande wa chini na upande wa juu wa kihisi, uziunganishe na ethi ya kifaa chenyewe, na uache urefu wa bomba la plastiki kati ya pete na elektrodi. Ngao za kebo zote ziende kwenye ethi mahali pamoja tu. Ishara ya kupimia isiwe karibu na masafa ambayo kidhibiti cha mota hukatia umeme, ambayo mara nyingi ni kilohezi kadhaa.

Kama bomba lina gesi asilia au mafuta badala ya hewa na maji, usifungue ngao wala kuchomoa kebo mtambo ukiwa na umeme, na usianze kazi kabla ya kibali cha eneo hilo.

Dalili: viputo vidogo havionekani, na katikati pa bomba ni ukungu

Hii si hitilafu. Uga wa umeme haukati moja kwa moja kama mwanga wa eksirei. Hupindishwa na kile unachokipima, na wepesi wake wa kuhisi ni mkubwa karibu na ukuta na mdogo katikati. Kwa kihisi cha kapasitansi kitu kilicho chini ya sehemu ya kumi ya kipenyo hakitarajiwi kuonekana kivyake, yaani milimita 5 kwa bomba letu. Kutoka kwenye ukokotoaji wa hatua moja kwenda ule wa marudio, kama wa Landweber, hunoa kingo, ila marudio yakizidi picha huanza kuchora kelele. Kuongeza idadi ya elektrodi kunavutia, lakini kila elektrodi inakuwa nyembamba na ishara yake inapungua. Anayetafuta viputo vya milimita 3 achukue wavu wa nyaya, akubali kuwa utavikata viputo vyenyewe, na kwamba kwenye mwendo mdogo sana wa maji utavichelewesha.

Dalili: picha imegeuka au imekaa upande

Elektrodi zimehesabiwa kwa mwelekeo usio wa programu. Ingiza fimbo ya plastiki bombani, iweke karibu na elektrodi namba 1, kisha karibu na namba 4, na urekebishe mpangilio mpaka skrini ikubaliane na jicho. Jaribio la sehemu moja tu halitoshi, kwa kuwa haliwezi kutofautisha mzunguko na taswira ya kioo.

Dalili: mstari ulionyooka kwenye picha ya wavu wa nyaya

Wavu una neema ya kusema wazi mahali pabovu. Mstari wote wa upande wa nyaya zinazotuma ukiwa mweusi, waya huo wa kutuma umekatika au kiungio chake kimeachia. Mstari ukiwa wa upande wa nyaya zinazopokea, ni waya wa kupokea au amplifaya yake. Nukta moja pekee ikisoma maji hata bomba likiwa tupu, nyaya mbili zimelegea na kugusana hapo, na mara nyingi utakuta uchafu umenasa: kipande cha gasketi, uzi wa tepu ya kuzibia. Weka chujio kabla ya wavu. Waya ukilegezwa na mikupuo ya nguvu haurudi kukaza wenyewe. Ubadilishwe, na ugezi wa kila nukta urudiwe.

Dalili: kasi ya mtiririko inaruka-ruka au haiwezekani

Kasi hupatikana kwa kulinganisha ishara za vihisi viwili vilivyopangwa mmoja nyuma ya mwingine na kutafuta muda unaozifanya zifanane zaidi. Kwa umbali wa milimita 100 na mwendo wa mita 2 kwa sekunde, muda huo ni milisekunde 50. Mtambo wa picha 100 kwa sekunde huhesabu kwa hatua za milisekunde 10, kwa hiyo kasi huruka kwa hatua za takriban asilimia 20. Kwa picha 1,000 kwa sekunde, hatua inakuwa asilimia 2. Ukiona kasi zikijipanga kwenye thamani chache tu badala ya kutawanyika, hiyo ndiyo sababu, na tiba ni kuongeza picha kwa sekunde au kutenganisha vihisi zaidi. Usivitenganishe kupita kiasi, maana viputo vitakuwa vimebadilika sura kabla ya kufika kwenye kihisi cha pili.

Kasi iliyo mara mbili au nusu ya inayotarajiwa, kwenye mikupuo inayokuja kwa mpigo wa kawaida, huonyesha kuwa mkupuo mmoja umelinganishwa na mwenzake. Bana eneo la kutafutia kwa kutumia makadirio ya kasi ya kiputo kama yale ya mita 1.445 hapo juu, na kilele cha kweli kitabaki peke yake. Hata hivyo, namba itakayotoka ni kasi ya mpaka kati ya gesi na maji. Anayetaka kiasi cha maji yanayopita kwa saa atahitaji kipimo kingine cha kuiunga nayo, na kwenye mtambo wetu hicho ni mita ya maji iliyo kabla ya mahali hewa inapoingia.